Mboga za friza zimeharibika? Tafuta kosa jikoni kwanza

Msimu minji zinapojaa soko la Wakulima hapa Nakuru, hata anayeishi kwa kibarua cha siku hubeba kilo tatu. Miezi miwili baadaye bei imeruka, na yule aliyejiwekea akiba anafungua mkebe wake kwa madaha, anapika na viazi na karoti, anapakua. Mtoto anaonja mara moja na kusukuma sahani: "Mama, hii ina ladha ya nyasi."

Maneno hayo niliambiwa mimi, mezani kwangu, mwaka wa kwanza nilipojaribu. Nikalaumu friji, nikamwita fundi. Fundi akaangalia, akanywa chai, akasema friji ni nzima. Na kweli ilikuwa nzima.

Tangu siku hiyo nimeharibu mboga kwa njia nyingi, na majirani wameniita kuangalia walizoharibu wao. Mara nyingi kosa lilikuwa limeshatendeka kabla mkebe haujafungwa: kwenye ile robo saa ya maji moto, maji baridi na kitambaa cha kukaushia. Nitakwenda kwa dalili. Tafuta yako, ruka nyingine.

Zina ladha ya nyasi, na kijani kimefifia

Hii ndiyo kasoro inayowavunja wengi moyo, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mboga ikishachumwa haifi papo hapo. Ndani yake mna vimeng'enya vilivyokuwa vikiikuza na kuikomaza shambani, na baridi ya friza huvipunguzia kasi tu, haivizimi. Vinaendelea kula ladha, rangi na vitamini polepole hadi punje inabaki kama majani makavu ya ng'ombe. Kinachovizima ni joto: mboga inachovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache za kuhesabu, kisha inaingizwa kwenye maji baridi sana ili isiendelee kuiva. Ikiwa uligandisha minji mbichi moja kwa moja kutoka kwenye maganda, chanzo chako ni hicho, usitafute kingine.

Kazi iko kwa anayesema, "Lakini mimi nilichovya." Hapo nauliza sufuria ilikuwa na maji kiasi gani. Nusu kilo ya mboga inataka kama lita 4 za maji yanayochemka kwa nguvu. Ukimwaga kilo mbili kwenye sufuria ya ugali, maji yananyamaza, yanakaa dakika tano yakijikusanya, na mboga inaloa kwenye uvuguvugu. Uvuguvugu unavichangamsha vimeng'enya badala ya kuvizima. Ndiyo maana mboga iliyochovywa nusunusu huharibika kuliko hata ile isiyochovywa kabisa. Maji yarudi kuchemka ndani ya dakika moja baada ya kutia mboga, na saa inaanza yanaporudi kuchemka, si wakati wa kumwaga. Jiko la makaa likiwa limechoka, punguza mboga. Kuongeza dakika hakusaidii. Maji hayo hayo yanaweza kuchovya mafungu mawili matatu kabla ya kuyabadilisha, kwa hiyo usiogope kugawa.

Swali langu la pili ni unaishi wapi, na watu hucheka nikiliuliza. Muda unaoandikwa kwenye maelezo mengi ni wa watu wanaokaa nyanda za chini, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100 au karibu na hapo. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu, kando ya ziwa, iko kama mita 1,130, na huko yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kanuni inayotumika ni kwamba ukiwa juu ya mita 1,500 unaongeza dakika moja. Mtu wa Nakuru na mtu wa Kisumu wanaweza kugawana gunia moja la minji, lakini hawawezi kugawana muda wa kuchovya. Mimi nilikuwa nafuata muda wa nyanda za chini bila kujua, na zile minji za nyasi zilitokana na dakika hiyo moja.

Muda ninaotumia hapa, dakika ya nyongeza ikiwa ndani yake, ni huu: minji dakika 2 na nusu, kabichi iliyokatwa nyembamba vilevile, karoti za vipande 3, majani ya kunde, managu na terere 3, mishiri na sukuma wiki 4. Mahindi mabichi natia na gunzi lake dakika 5, yakipoa nakata punje kwa kisu. Aliye Kisumu apunguze dakika moja kila mahali. Hoho na vitunguu ni kukata na kugandisha tu, havihitaji maji moto.

Kijani kinang'aa kupita kiasi, lakini mboga ni ute

Jirani yangu mmoja, kwao ni Vihiga, alinionyesha kunde zenye kijani ambacho hata shambani hukioni. Alikuwa ametia magadi kwenye maji ya kuchovya, kama anavyopika mrenda. Rangi ilikuwa ya kupigiwa makofi. Zilipofika sahanini zilikuwa zimeyeyuka. Magadi huhifadhi kijani, lakini hulegeza mboga na kuharibu vitamini, na kule kuganda na kuyeyuka kunamalizia kazi. Ukipenda magadi, yatie siku ya kupika. Maji ya kuchovya yawe maji matupu.

Zimekuwa laini kama uji

Kwanza tuondoe zile ambazo hazina dawa. Letasi, matango, kabichi ya kachumbari na nyanya za kula mbichi haziwezi kutoka kwenye friza zikiwa kama zilivyoingia. Viazi vibichi hutoka vyeusi na vyenye maji. Nyanya zikiwa za bei ya chini zipike kwanza: zichovye nusu dakika ngozi itoke, zikate, zichemshe na vitunguu hadi zibaki nzito, zipoe, ndipo uzigandishe kama sosi ya kuanzia mchuzi. Hapo ulaini hauna maana tena, na mkebe mmoja unabeba nyanya za wiki nzima.

Kama ni karoti au mishiri zilizolegea, fikiria barafu. Maji yaliyo ndani ya mboga yakiganda haraka hufanya fuwele ndogo. Yakiganda polepole, fuwele zinakuwa kubwa na zenye ncha, zinatoboa seli, na mboga ikiyeyuka maji yote yanamwagika nje. Kwa hiyo uliza: ziliingia zikiwa na joto? Ziliingia nyingi kwa pamoja? Karibu kila mara jibu ni moja kati ya hayo, au yote mawili.

Kupoza ndiko watu wanakokufanyia haraka. Mboga ikae kwenye maji ya barafu muda sawa na ule iliokaa kwenye maji moto, kisha uguse ya katikati, si ya juu. Nakuru mwezi wa Julai maji ya mfereji asubuhi yanakaribia kutosha. Kisumu si hivyo. Shemeji yangu huko ana tangi juu ya paa, na saa nane mchana mfereji wake unatoa maji ya kuogea mtoto. Alikuwa anapoza mboga humo na kushangaa kwa nini zinaendelea kuiva. Sasa anagandisha chupa za maji tangu jana yake na kuzitumbukiza kwenye beseni zikiwa zimefungwa. Usishawishike na barafu ya wachuuzi wa samaki ya pale ufuoni, hata wakikupa bure. Haikutengenezwa kwa kugusana na chakula ambacho utakipasha moto kidogo tu.

Kosa la mwisho hufanyika siku ya kupika. Mboga inatolewa asubuhi, inaachwa mezani iyeyuke hadi jioni, halafu inapikwa kama mbichi kwa nusu saa. Itoe kwenye friza iende moja kwa moja kwenye sufuria ya moto, kitunguu kikiwa kimeshaiva. Ilikwisha kupikwa kidogo siku ile ya kuchovya, kwa hiyo punguza muda wa jikoni.

Zimegandana zikawa tofali

Maji yaliyobaki juu ya mboga ndiyo saruji. Zichuje, zitandaze juu ya kitambaa safi, zipanguse. Kisha zipange kwenye sinia safu moja, ziingize kwenye friza bila mkebe kwa saa mbili hivi hadi kila punje iwe ngumu peke yake, ndipo umimine kwenye mkebe. Utachota kikombe kimoja bila kupiga mkebe ukutani. Sinia likikataa kuingia kwenye friji ndogo, nimewahi kutumia mfuniko wa sufuria uliogeuzwa.

Majani hayahitaji haya yote. Sukuma na kunde zikamue kwa mkono ufanye madonge ya kiasi cha mlo mmoja wa nyumba yako, uyagandishe hivyo.

Kuna madoa meupe, makavu kama mti

Hewa. Barafu iliyo juu ya mboga hugeuka mvuke bila kupitia maji, na pale ilipotoka panabaki pakavu. Haina sumu, ukikata sehemu hiyo unakula. Lakini mkebe uliojaa nusu utakuletea shida hii kila mwaka.

Tangu mifuko ya kubebea ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, wengi wetu tumehamia kwenye mikebe ya aiskrimu na ya siagi, nami sioni ubaya. Chagua mkebe unaolingana na mboga badala ya mboga kulingana na mkebe. Jaza, gandamiza, acha upenyo mdogo tu juu. Kwa sosi acha kama sentimita 2 kwa sababu maji yakiganda hutanuka, na mfuniko uliofyatuka usiku ndio unaoingiza hewa. Mkebe ukiwa na ufa, uache uwe wa kuhifadhia vifungo.

Theluji imejaa

Angalia imejaa wapi. Ikiwa iko kwenye kuta za friza, hewa yenye unyevu inaingia kutoka nje: mpira wa mlango umechoka, au mlango unafunguliwa kama duka. Funga mlango juu ya noti ya shilingi 50 kisha uivute. Ikitoka bila kukawia, mpira haubani mahali hapo. Wakati mwingine ni uchafu tu na maji ya sabuni yanatosha. Ikiwa theluji iko ndani ya mkebe wakati kuta ni safi, ama mboga iliingia na maji, ama imeyeyuka ikaganda tena bila wewe kujua. Hiyo ya pili nitairudia.

Jana niliweka, leo bado hazijaganda

Fungua friji yako. Kama ina mlango mmoja na kijisanduku cha barafu ndani, tazama nyota zilizochorwa juu yake. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12 chini, tatu ni 18 chini. Mboga za kukaa miezi minane hadi mwaka zinataka hizo 18. Zenye nyota moja au hakuna kabisa zinafaa kwa barafu ya juisi na mboga za wiki hiyo tu, na hakuna ujanja wa jikoni utakaobadilisha hilo.

Kama nyota tatu zipo, basi umeibebesha mzigo. Friza ina uwezo wa kugandisha kama kilo moja na kidogo ya chakula kipya kwa kila lita 28 za nafasi yake, kwa siku moja. Kijisanduku cha lita 20 kinapewa robo tatu ya kilo, basi. Huu ndio ukweli unaofuta ndoto ya kununua gunia. Nilinunua nusu gunia la minji mwaka mmoja kwa sababu lilikuwa la bei ya kutupa, tukamenya hadi saa sita usiku, nikazisukumia zote ndani kwa pamoja. Zilichukua siku mbili kuganda, na hata nyama iliyokuwemo ikaanza kutoa maji. Siku hizi tunanunua akina mama watatu, tunagawana mlangoni, kila mtu anagandisha fungu moja kwa siku.

Friza yote inanuka kitunguu

Funika. Na omena zikae mbali na kila kitu, zifungwe mara mbili.

Stima ilipotea, au tokeni ziliisha tukiwa ushago

Friza iliyojaa, mlango ukibaki umefungwa, hushikilia baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Nambari hizi huanguka kila unapofungua kuangalia, na ndiyo maana ile Ijumaa usiku ya tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu yote ilipoingia gizani, aliyelala ndiye aliyeokoa mboga zake. Mimi nilifungua mara nne. Ukiwa na nafasi tupu, ijaze chupa za maji. Zikishaganda zinakuwa akiba ya baridi.

Stima ikirudi, gusa. Zenye barafu ndani bado zinaweza kugandishwa tena, ladha itapungua kidogo. Zilizoyeyuka lakini bado ni baridi kama maziwa ya friji, zipike leo. Zilizofikia joto la chumba kwa muda usioujua, tupa, hasa zile ulizozipika na maziwa au malai kabla ya kugandisha. Kuganda hakuui vijidudu. Huvilaza tu, na vikiamka huendelea pale vilipoachia.

Kinachosumbua ni kutojua. Umesafiri Pasaka, umerudi, kila kitu ni kigumu kama ulivyokiacha, lakini ndani ya mikebe kuna ile theluji niliyoitaja. Kabla ya safari gandisha kikombe cha maji, juu ya barafu weka sarafu ya shilingi 10, kiache humo. Ukirudi uikute sarafu chini ya kikombe, friza iliyeyuka yote ikaganda tena ukiwa mbali. Ikiwa juu, pika kwa amani.

Wadudu wanaelea kwenye mchuzi

Hawakuzaliwa kwenye friza. Kabla ya kuchovya, loweka sukuma au kabichi nusu saa kwenye maji ya chumvi, vijiko 4 vya chai kwa lita 4, kisha suuza. Terere isuuzwe mara ya tatu hata kama maji ya pili yalionekana safi. Mchanga wake una subira.

Mboga ni nzuri, lakini pesa hazionekani

Dalili hii haionekani kwa macho, na ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuikubali. Tuseme minji za maganda ni shilingi 60 kwa kilo. Kilo ya maganda hutoa kama gramu 400 za punje, kwa hiyo kilo ya punje imekugharimu shilingi 150 kabla ya gesi na kabla ya vidole vyako. Linganisha na bei ya zilizomenywa wakati wa uhaba, si na bei ya maganda. Kwa minji bado unabaki na faida nzuri.

Stima ya friza ambayo ingewaka hata hivyo usiihesabu, lakini kununua friza kwa ajili ya mboga ni hesabu isiyokubali kamwe, labda uwe na hoteli. Asiye na friza asione haya kuanika kunde juani kama walivyofanya bibi zetu. Zikikauka vizuri zinakaa bila tokeni.

Nimefikia kuamini kwamba kinachofaa kugandishwa ni kile ambacho bei yake inapanda na kushuka sana: minji, mahindi mabichi, nyanya za sosi, na managu na terere za masika, kati ya Machi na Mei, ambazo wakati huo huota hata kando ya ukuta bila kupandwa. Sukuma wiki naigandisha kidogo tu kuelekea kiangazi cha Januari, kwa sababu miezi mingine mama mboga ananikatia mlangoni kwa bei ambayo siwezi kuishinda.

Juu ya kila mkebe nabandika kipande cha karatasi chenye tarehe na bei niliyonunulia. Siku ya kuutoa, namuuliza mama mboga bei ya leo na kuiandika chini yake. Mwaka jana minji zilishinda mbali, nyanya zikashinda, hoho zikatoka sare. Kabichi ilishindwa mikebe yote sita. Kabichi sigandishi tena.